Uvivu wa Dakika Kumi

Kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa akijifunza ufundi wa magari gereji, ndiye aliyembandika jina la Dizeli, na sababu alikuwa nayo. Magari ya dizeli ya zamani, alisema, asubuhi hayataki kuwaka. Utayabembeleza, yatakohoa, yatatetemeka, utadhani ndiyo yamekufa. Yakishapata moto, hayo yatakupeleka mwisho wa dunia. Mdogo wake alikuwa hivyo hivyo. Akitumwa dukani mbio mbio, alisimama njiani ameshika mapaja kama bibi kizee. Lakini siku familia ilipokwenda kwa miguu safari ndefu, wenzake walipoanza kunung'unika, yeye ndiye aliyekuwa mbele, na tena anaimba.

Mama yao hakuona cha kuchekesha. Yeye alikuwa mchapakazi wa kupindukia, mwanamke aliyeamini kwamba mtu akikaa kitako mchana shetani anakaa pembeni yake.

"Uvivu wako wewe ni wa ajabu," alimwambia binti yake. "Ni wa dakika kumi tu. Ukiushinda huo, unakuwa mtu kama watu. Sasa kwa nini usiushinde?"

Swali hilo Dizeli alijiuliza pia, na alijiuliza kwa miaka mingi. Hakupenda kuchoka. Ndoo ya maji ilipokuwa ikimvuta mkono akipanda ngazi, hakuwa anafanya hila. Misuli ilianza kuwaka moto, kisha ikakaza, kisha vidole vikafunguka vyenyewe na ndoo ikaenda chini na maji yake. Siku moja ndoo iliteremka ngazi zote hadi kwa majirani, na mama akamchapa mbele yao, ili wajue kwamba nyumba hii ina adabu.

Shuleni ilikuwa vilevile. Mwalimu wa michezo aliamuru darasa zima liruke kichura kuzunguka uwanja, na Dizeli, aliyekuwa amechoka kuitwa mvivu, akaapa moyoni kwamba leo hatasimama. Hakusimama. Alianguka. Mapaja yalikuwa magumu kama mbao, hawezi kukunja wala kunyoosha, na wenzake wakambeba hadi kivulini huku mwalimu akisema huyu angefaa kuigiza. Jioni alipokwenda chooni aliona mkojo wake una rangi ya chai isiyo na maziwa. Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo mtu akiona jambo la ajabu mwilini mwake hudhani ni adhabu. Baada ya siku mbili rangi ilirudi ya kawaida, naye akashukuru na kunyamaza.

Basi akajifunza kuishi kwa akili. Aligundua kwamba akianza kazi taratibu, taratibu kabisa, kama mtu asiye na habari, yale maumivu huja na kupita, na baada yake huja nguvu ambayo hajui inakotoka. Alipokuwa mtu mzima na kuhamia na mumewe kwenye chumba na sebule ghorofa ya tatu, alisimama kila siku ghorofa ya kwanza kumjulia hali jirani. Atauliza habari za mgongo, za wajukuu, za paka. Jirani alimsifu kwa kila mtu kuwa hajapata kuona mwanamke mwenye utu kama huyu. Nusu ya heshima ya Dizeli mtaani ilitokana na miguu iliyokataa ngazi.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, anayepima kitu mara mbili kabla ya kukikata na kabla ya kukisema. Yeye hakumwita mkewe mvivu hata mara moja. Alijua kwamba kazini mkewe hupiga pasi shuka mchana kutwa bila kuketi, kwa hiyo suala la ngazi alilichukua kama watu wanavyochukua mlango unaokwama: unajua pa kuusukuma, maisha yanaendelea.

Shuka zilikuwa ndiyo kazi yake. Dizeli aliajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha udobi kilichofua matandiko ya nyumba za wageni. Chumba kilikuwa kirefu, chenye joto na harufu ya sabuni ya unga, mashine tatu za kufulia upande mmoja, vikaushio upande wa pili, na katikati meza ndefu za kukunjia. Yeye na mwenzake waliyemwita Mrefu walikuwa upande wa pasi za mvuke. Pasi ilimfaa. Si kazi ya nguvu za ghafla, ni ya mwendo mmoja, na mwendo mmoja alikuwa nao wa kutosha kuwashinda wote.

Siku mashine kubwa kati ya zile tatu ilipokataa kukamua, nyumba za wageni zote zilikuwa zimejaa, na zile mbili ndogo hazikutosha. Shuka zilitoka zinachuruzika maji, nzito kama mtu aliyezimia, na kikaushio hakiwezi kupokea kitu cha namna hiyo. Msimamizi alipiga simu kwa fundi, fundi akasema kesho. Msimamizi akatazama rundo, akatazama wanawake wake, akasema, "Jamani, mikono tunayo."

Wakagawana wawili wawili. Mrefu alishika ncha moja ya shuka, Dizeli nyingine, huyu anasokota kulia, yule kushoto. Shuka ya kwanza haikuwa imeisha Dizeli alipoanza kusikia moto kwenye mikono. Ya pili, vidole vilianza kukaza.

"Tupumzike kidogo," alisema.

"Tupumzike na nini, hata hatujaanza," Mrefu akajibu, bila ubaya.

Maneno hayo yalimchoma mahali pa zamani. Dizeli akajikaza kisabuni, kama tunavyosema, na siku hiyo sabuni ilikuwa imejaa pale pale miguuni. Shuka ya tatu. Ya nne. Hakungoja ile nguvu ya baadaye, kwa sababu kazi yenyewe haikumpa nafasi ya kuanza taratibu. Mwishowe Mrefu aliachia ncha yake na shuka ikabaki inaning'inia kutoka mikononi mwa Dizeli, kwa sababu mikono hiyo haikuweza tena kufunguka. Vidole vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege kwenye tawi. Ilibidi Mrefu avifungue kimoja kimoja, na Dizeli aling'ata mdomo asipige kelele.

"Wewe unaumwa," Mrefu alisema sasa kwa sauti nyingine.

"Ni uvivu tu," Dizeli alisema.

Asubuhi yake mikono ilikuwa imevimba tangu begani hadi kiwikoni, na alipotoka chooni hakusema neno. Pengine angenyamaza safari hii pia, kama alivyonyamaza utotoni. Lakini maji yalikuwa yamekatika jengo zima, choo hakikuweza kumwagiwa maji, na mumewe akaingia baada yake.

"Nani amemwaga chai humu?" aliuliza kutoka ndani.

Dizeli akaendelea kuhangaika na vifungo vya gauni.

Akatoka, akamtazama mkewe usoni, akatazama mikono yake. Kisha akatafuta viatu. "Twende hospitali," alisema. "Leo siendi kazini."

Hospitalini walimlaza na kumtundikia dripu, chupa baada ya chupa, maji ya kusafisha figo. Damu ilipimwa. Nesi aliyeleta majibu alimtazama mumewe kwa jicho baya, akamwomba akakae nje. Kisha akaja daktari wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, niambie ukweli. Umepigwa?"

"Na nani?"

"Na yeyote. Misuli yako imevunjika vibaya. Vitu vilivyomo ndani ya misuli vimemwagika kwenye damu, ndivyo vinavyotia mkojo rangi hiyo, na ndivyo vinavyotaka kuziba figo zako. Mara nyingi tunaona hivi kwa mtu aliyepigwa sana au aliyeangukiwa na ukuta."

"Nilikuwa nakamua shuka," Dizeli alisema.

Daktari akaitazama mikono yake. "Shuka ngapi?"

"Nne. Ya tano haikuisha."

Mtu mwingine angecheka, au angeandika dawa na kuondoka. Huyu aliendelea kuuliza. Aliuliza habari za utotoni, na Dizeli akajikuta anamweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: ndoo, kichura, mkojo wa siku ile. Aliyaeleza akitazama ukuta, kwa aibu, kama mtu anayekiri wizi.

"Na maumivu yakija, ukaendelea taratibu bila kusimama kabisa, inakuwaje?" daktari aliuliza.

"Baada ya kama dakika kumi yanaondoka. Nakuwa kama nimezaliwa upya. Hapo naweza kutembea hadi jua lizame."

Daktari akavua miwani. "Rudia tena hilo."

Dizeli alirudia.

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndiyo maana wananiita Dizeli."

Figo zilipona bila kuhitaji mashine ya kusafisha damu, na hiyo ilikuwa nafuu ya kwanza. Alipopata nguvu alipelekwa kwa daktari wa misuli, kijana mpole mwenye vidole virefu, ambaye alimfanyia kipimo kimoja kilichoonekana kama mchezo. Alimchoma sindano mkononi, akatoa damu kidogo. Akampa mpira mdogo wa kubana na kuachia, kubana na kuachia, kwa dakika moja, na kumwambia asimame papo hapo akisikia mkono unakaza. Kisha akatoa damu tena, na tena, kila baada ya muda mfupi. Mumewe alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini.

Majibu yalipotoka, daktari aliwawekea mbele karatasi yenye mistari miwili.

"Huu wa juu ni wa mtu wa kawaida. Huu wa chini ni wako."

Mstari wa juu ulipanda kama kilima. Wa chini ulikuwa umelala.

"Ni mbaya?" Dizeli aliuliza.

"Ngoja nikueleze, halafu utasema mwenyewe." Daktari alikunja mkono wake kuonyesha msuli. "Ndani ya msuli kuna seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli inajitengenezea nguvu yake. Ina njia mbili. Njia ya kwanza inataka oksijeni. Damu inaleta oksijeni, inaleta sukari na mafuta, seli inaviunguza taratibu hadi mwisho, na inapata nguvu nyingi sana. Njia hiyo ndiyo tunayoitumia tukitembea, tukilala, tukipiga pasi. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa ukiinua ndoo ghafla, au ukikamua shuka, msuli unataka nguvu sasa hivi, na damu haijafika ya kutosha. Tena msuli ukikazwa sana unaibana hata mishipa yake yenyewe. Oksijeni haitoshi. Lakini seli haikai ikasubiri. Ina sukari ya akiba humo humo ndani, inaikata vipande na kuivunja bila oksijeni kabisa. Faida yake ni ndogo, seli inapata nguvu kidogo mno kwa kila sukari, lakini inaipata upesi. Na inabaki asidi ya laktiki. Hata hamira inayoumua unga inavunja sukari bila oksijeni namna hiyo, ila yenyewe inabakisha kileo na hewa, na hewa hiyo ndiyo inayovimbisha unga."

"Hiyo asidi si ndiyo inayoumiza?" mumewe aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Watu wanaisingizia mengi. Mwili unaichukua na kuitumia tena, moyo unaipenda. Mimi naitafuta kama polisi anavyotafuta nyayo. Nikiiona inapanda kwenye damu, najua seli zimefanya kazi bila oksijeni. Kwako, mama, nimebanisha mpira, nimetafuta nyayo, hakuna. Sukari ya akiba unayo, tena imejaa kupita ya wengine. Kinachokosekana ni kimeng'enya cha kuikata. Umezaliwa hivyo. Zile dakika za mwanzo ambazo mimi naishi kwa akiba ya msuli, wewe huna cha kuishi nacho. Ukilazimisha, msuli unakaza na kuvunjika. Ukienda taratibu, moyo unaongeza kasi, damu inaleta oksijeni, ini linatoa sukari yake, mafuta yanafika, njia ya kwanza inashika kazi. Hapo ndipo unapozaliwa upya."

Dizeli aliitazama karatasi kwa muda.

"Inachukua kama dakika kumi," alisema.

"Inachukua kama dakika kumi."

"Nitakufa?"

"Siku moja, kama mimi. Si kwa jambo hili, ukijilinda."

Mumewe akakohoa. "Kwa hiyo hajawahi kuwa mvivu."

"Mvivu?" Daktari alishangaa kweli. "Mzee, huyu amefanya kazi tangu utoto, na nusu ya mashine haipo."

Dizeli alilia. Daktari alidhani amemtisha, akaanza kumfariji, kwamba si saratani, kwamba haiambukizi, kwamba wako wengine duniani. Mumewe akamwekea daktari mkono begani, akasema, "Mwache. Hayo ni mengine." Na kweli yalikuwa mengine. Alikuwa akishusha pumzi aliyoibana tangu darasa la sita.

Masharti hayakuwa mengi. Asinyanyue kizito kwa ghafla, asikamue, asisukume kilichokwama. Aanze kila kazi taratibu. Kabla ya kazi ya nguvu, anywe kitu chenye sukari, ili damu ibebe kile ambacho msuli hauwezi kujipatia wenyewe. Maumivu yakija, apunguze, asijikaze. Mkojo ukibadilika rangi, hospitali moja kwa moja. Wiki kadhaa baadaye kipimo cha vinasaba kilikuja na kuthibitisha yote.

Jumapili walikwenda kwa mama yake, aliyekuwa akiishi kwa yule kaka wa gereji. Dizeli alieleza yote kama alivyoelezwa, hata habari ya hamira. Kaka alisikiliza hadi mwisho, akawageukia wengine sebuleni.

"Mimi nilisema tangu zamani. Jina nililitoa bure, bila hata kipimo cha damu."

Wote walicheka isipokuwa mama. Alikuwa anasokota ncha ya kanga kidoleni.

"Siku ile ya ndoo," alisema. "Nilikuchapa mbele za watu."

"Ulikuwa hujui, mama."

"Nilidhani nakufundisha kujikaza."

"Ulinifundisha vizuri. Ndiko kulikonifikisha hospitali."

Mama alimtazama kuona kama ni lawama. Alipoona ni mzaha, uso ukalegea, akamvuta binti yake akamweka kichwa begani, mwanamke mzima mwenye mvi zake mbili tatu. Hakuomba msamaha kwa maneno. Lakini Dizeli alipotaka kuinuka kuondoa vikombe, mama akamwambia, "Kaa." Hilo neno hakuwahi kulitoa katika kinywa chake mchana kweupe.

Kazini msimamizi alielewa haraka kuliko walivyotarajia, labda kwa sababu alikuwa bado anaona vile vidole usingizini. Dizeli akawa anafika mapema, anakunywa chai yenye sukari inayosimamisha kijiko, kisha anazunguka uani taratibu hadi mwili ukubali. Mrefu akaanza kuzunguka naye. Alisema ni kwa ajili ya magoti yake, ila magoti yake hayakuwa na neno. Vikapu vya shuka mbichi alivibeba yeye, na aliyethubutu kuguna alijibiwa na Mrefu kabla Dizeli hajageuka.

Ikabaki hofu moja, nayo ililetwa na binti yao wa miaka kumi na minne. Msichana huyo alikuwa hodari wa kukwepa kazi, na alipousikia ugonjwa wa mama yake aliona mlango umefunguka. Akiitwa kuosha vyombo, mikono inakaza. Akiambiwa apande ngazi, mapaja yanawaka. Baba alitabasamu. Dizeli hakutabasamu. Kila mtoto alipolalamika, yeye aliona kichura, uwanja, mwalimu. Watu walimwambia, "Anakutania," na ndivyo hasa walivyosema watu juu yake. Hakuthubutu kumwita mwanawe mvivu.

"Kwa kawaida mtoto haupati ugonjwa huu mpaka baba naye awe na kasoro hiyo hiyo kwenye vinasaba," yule daktari wa misuli alimwambia alipomrudia. "Si rahisi. Lakini nikimpima, utatulia?"

"Nitatulia."

Binti alibana mpira. Mwanzoni alikuwa anachekacheka, lakini sindano ilipoingia mara ya tatu alinyamaza, na walipokuwa wakingoja majibu kwenye benchi alimsogelea mama yake.

"Mama, nilikuwa natania."

"Najua unaweza kuwa unatania."

"Mwanzoni. Halafu juzi kwenye mbio miguu iliuma kweli, nikaanza kuogopa. Sasa sijui kama natania."

Dizeli akamshika mkono. Wakakaa hivyo.

Daktari alipowaita, karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu. Ulipanda kama kilima.

"Nyayo zimejaa," alisema. "Seli zake zinafanya kazi bila oksijeni kama za mtu yeyote. Ile miguu ya mbio ni ya mtu asiyefanya mazoezi."

"Na vyombo?" Dizeli aliuliza.

"Kwa vyombo hatuna kipimo, mama."

Dizeli alicheka. Alicheka hadi akashika meza, na binti naye akacheka huku machozi yanamtoka, na yule daktari mpole akabaki anawatazama na kalamu mkononi. Walipotoka nje mvua ilikuwa imekatika na barabara inang'aa. Binti alitaka kuwahi, mama akamwambia waanze taratibu.

"Kwa hiyo leo nitaosha vyombo," binti alisema baada ya hatua chache.

"Utaosha."

"Na vya jana?"

"Na vya jana."

Binti hakubishana. Alimshika mama yake mkono, wakatembea polepole kama watu wasio na haraka ya kitu chochote, hadi miguu ya Dizeli ilipochangamka, na hapo ikawa zamu ya mtoto kuomba wapunguze mwendo.